Jiwe la Mzee Eridadi na Sisi Tusiopanda Mlima

Kijijini, chini ya Ibanda,
Kasese.
Mchana, mapacha wamelala.

Kwa Afande Bamwine,
Mkuu wa Lango Dogo la Hifadhi,
Juu ya Ibanda.

Afande mheshimiwa,

YAH: KUINGIA MLIMANI BILA KUTEMBEA

Nakusalimu wewe na askari wako wote walioko huko kwenye baridi, pamoja na yule aliyevua kofia. Huyo nitamfikia.

Mimi ni Kabugho Teopista, mke wa Tsongo anayefanya kazi kwenye kiwanda cha simenti, mama wa mapacha Nguru na Ndobya. Ukiuliza Ibanda watakuambia, ni yule mwanamke anayesinzia akiwa amesimama. Sisinzii kwa uvivu, Afande. Mapacha hawa wamegawana zamu kama baba yao kiwandani. Nguru analia mpaka achoke, kisha anamwamsha Ndobya na kumkabidhi kazi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimesikia umetoka mbali, na lugha yetu ya Lhukonzo huijui, na pia kwa sababu askari wako hutuambia kila jambo kwa Kiswahili, hasa "rudi nyuma". Changu nilikiokota sokoni Bwera, kwenye meza ya vitenge ya mama yangu, ambako wateja wanavuka asubuhi kutoka Kongo na kurudi jioni. Ukikutana na neno lililovuka bila karatasi, lisamehe, lipitishe.

Najua una mlima mzima wa kuangalia, kwa hiyo nitasema shida yangu moja kwa moja. Mama mkwe wangu, Yayeri, anataka kuingia hifadhini, na hatembei.

Magoti yake yamekataa tangu zamani. Marehemu mume wake, mzee Eridadi, alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni kwenda juu kwenye theluji. Kila akirudi alimsimulia habari za jiwe moja lililo ndani ya lango lako, pale njia inapokutana na mto, ambapo wapagazi wote hutua mizigo kupumzika. Kwa maneno yake jiwe hilo lilikuwa kubwa kama kanisa, laini kama kiti cha askofu, na ukikaa juu yake unasikia mto upande huu na kuona theluji upande ule. Alimwahidi kwamba siku moja atampeleka, yeye Yayeri akae na yeye Eridadi asimame. Hakumpeleka. Kwanza kulikuwa na watoto, halafu kukawa na kahawa ya kuchuma, halafu akafa.

Mama hakulitaja tena jiwe hilo mpaka mwaka huu, daktari wa macho alipomwambia kwamba jicho la kulia limekwisha na la kushoto liko njiani. Alirudi nyumbani, akanywa chai yake yote, kisha akatangaza kwamba anataka kuliona jiwe la Eridadi wakati bado lina sura. Basi. Hakuomba kingine.

Kazi ya kupanga safari nilipewa mimi. Nyumbani kwetu kazi humwendea aliyechoka, kwa maana ndiye asiyeweza kukimbia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bango lenu la shughuli.

Nilipanda mpaka langoni kuuliza, Nguru mgongoni na Ndobya kifuani, na karani wako akanionyesha bango kwa adabu. Kutembea msituni. Kutembea hadi kwenye maporomoko. Kutembea kutazama ndege. Kutembea siku nyingi mpaka kwenye theluji. Kulikuwa pia na "matembezi mepesi", nami nilipouliza wepesi wake uko wapi, karani akasema ni mlima wakati wa kwenda tu. Nikauliza, na wageni wasiotembea wanafanya nini? Alifikiri kwa haki kabisa, sikumwona akinicheka, akasema wanaweza kukaa penye maegesho ya magari wafurahie hewa.

Afande, hewa tunayo.

Nataka unielewe vizuri. Sisi hatuchukii kutembea kwa sababu hatukujui. Kutembea tunakuchukia kwa sababu tunakujua. Natembea kwenda mtoni, natembea kwenda shambani, natembea kwenda kliniki na mapacha wanaogombania titi moja wakati la pili liko huru. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mtu amejificha kwenye majani ananipiga picha. Mzungu anatoka kwao kwenye magari, anakuja kwetu kutembea, na hiyo inaitwa utalii, maana kwao hatembei. Mimi natoka kwetu kwenye kutembea. Utalii wangu mimi, kwa akili ya kawaida, si ni kukaa? Kwa nini mgeni afanye asichofanya kwao, halafu mwenyeji akija langoni aambiwe afanye kile kile alichokiacha nyumbani hakijaisha?

2. Masharti.

Karani alinisomea ya kuja nayo: viatu vigumu, koti la mvua, fimbo, maji, chakula, na afya njema. Viatu mama anavyo, gambuti za marehemu. Koti tutaazima. Hilo la mwisho ndilo lililonikwaza. Mwenye afya njema anatafuta nini mlimani? Si abaki nyumbani alime? Hospitali haimwambii mtu aje akiwa amepona. Hata kanisani wanatupokea na dhambi zetu, tena wanatupa viti.

Samahani, nilikatika hapo. Ndobya sikumwona ameamka, kumbe alikuwa anasubiri nitulie. Karatasi hii ina meno yake pembeni, usidhani ni panya.

3. Kima wenu.

Hili ni fupi. Kima wa hifadhi wanashuka kwetu kila mahindi yakikomaa. Hawapiti langoni, hawaji na mwelekezi, hawaulizwi viatu. Wanakaa kwenye shamba letu, wanakula, wanatutazama tunavyofukuza na kupiga makopo, wanarudi jioni wameshiba na watoto wao mgongoni. Kama huo si utalii, sijui utalii ni nini. Wanyama wako wanatalii kwangu bila kuulizwa afya zao, nami siruhusiwi kuleta mama mkwe kwako. Naomba tu usawa na kima.

4. Machela, na hapa nakuomba ukae chini kabla ya kusoma.

Wewe ni mgeni huku, kwa hiyo acha nikueleze. Sisi watu wa vilimani tuna chama cha machela, na kila nyumba imo. Mtu akiugua kule juu gari lisikofika, au mwanamke akishikwa na uchungu, wanaume humlaza kwenye machela ya mianzi, hupokezana mabegani mpaka barabarani, na sisi wanawake tunapika. Mimi mwenyewe nilishushwa nayo, na Nguru nusura azaliwe kabla ya barabara. Mtu akifia hospitali, chama hicho hicho humrudisha nyumbani. Ndiyo maana kwetu hata mtoto mdogo anaweza kuisoma machela. Ikishuka, ni mgonjwa. Ikipanda, ni maiti. Wakishuka, wanaume huimba na kutaniana ili mgonjwa asikate tamaa. Wakipanda, hunyamaza.

Nilimwendea mwenyekiti wa machela, mzee Kathembo, nikamwomba chama kimchukue mama mpaka kwenye jiwe. Alikuna kichwa sana. Hajawahi kusikia mtu mzima amebebwa kwenda kutembea. Lakini akakumbuka kwamba Eridadi alibeba watu wa kijiji hiki maisha yake yote, na yeye alibebwa mara moja tu, ile ya mwisho, kwa hiyo akasema ni haki mke wake naye abebwe akiwa na macho ya kuonea njia. Aliweka sharti moja, kwamba machela huanzia uani kwa mwenyewe na wala haichukui mtu barabarani kama boda. Na kwa kuwa mama hapendi utani wa wanaume, akawakataza wabebaji wasifungue midomo njia nzima.

Sasa jumlisha mwenyewe, Afande. Machela inapanda. Wanaume wamenyamaza. Mama, kwa sababu ya vumbi la malori, amejifunika kitenge mpaka juu ya kichwa, na kwa vile anavyoyumbishwa amelala usingizi mtamu. Nyuma yake naja mimi, Nguru mgongoni, shuka nimelifunga kiunoni kama mfiwa, kwa sababu lilikuwa linateleza, macho yananitoka machozi ya vumbi. Ndobya alikuwa amelala chini ya kitenge pamoja na bibi yake, lakini hilo halikuonekana.

Ibanda wakafunga maduka.

Mimi sikuelewa. Niliona wauza ndizi wanasimama, boda wanazima pikipiki, kinyozi anatoka nje na mteja wake amenyolewa upande mmoja. Wakajipanga nyuma yetu, kimya. Nikajiambia, kumbe mama mkwe wangu anapendwa namna hii na mimi nyumbani namwona mkali. Nikaona haya, nikalia kidogo, machozi ya kweli sasa. Hayo machozi ndiyo yaliyoondoa shaka ya kila mtu. Tulipofika mwisho wa maduka kulikuwa na wimbo wa kanisani, na akina mama wawili walikuwa wamegeuka kwenda kuchemsha maharage ya matanga.

Askari wako Ahumuza alituona kwa mbali, akavua kofia. Hapo ndipo ninapolalamika. Alifungua lango lote, akasimama wima kama mbele ya bendera, hakuuliza viatu, hakuuliza afya njema. Nikajifunza kwamba masharti yenu ni kwa walio hai tu. Baadaye kazi ikamrudia kichwani, akamnong'oneza Kathembo tunakusudia kuzika wapi, maana ndani ya hifadhi kuchimba hakuruhusiwi. Kathembo akamwambia asihofu, hatuchimbi, tunamkalisha tu kwenye jiwe.

Ahumuza akavaa kofia.

Akasema mila za watu anaziheshimu, ila kumkalisha marehemu juu ya jiwe, penye njia ya wageni, ni jambo ambalo atauliza kwanza. Kathembo, ambaye hakuona shida yoyote, akamjibu kwamba mwenyewe ndivyo alivyotaka, na akishatosheka kukaa watamrudisha nyumbani anywe chai.

Wakati wanajadiliana machela ilikuwa imetuliwa chini. Kembabazi, mwenye duka la chumvi na sabuni, akapiga magoti kando yake akilia kwa sauti. Akaungama mbele ya umati wote kwamba ile sufuria kubwa ya Yayeri, iliyopotea siku ya harusi yangu, ni yeye aliyeichukua, ameipikia miaka yote hii, na anaomba marehemu amsamehe aende kwa amani. Ile sufuria, Afande, mimi ndiye niliyesingiziwa. Niliingia kwenye ndoa kama mwizi wa sufuria.

Kitenge kikakohoa. Huyo alikuwa Ndobya. Halafu mama mkwe wangu, bila kujifunua uso, akasema kwa kile Kiswahili cha Bwera anachokitoa akikasirika:

"Iko na kifuniko yake. Leta yote mbili."

Nilikuwa nimekosea kuwaza kwamba watu wa Ibanda hawapendi mazoezi. Walishuka ule mteremko wote bila viatu vigumu, bila fimbo, bila mwelekezi, na wengine wana magoti mabaya kuliko ya mama. Kinyozi alitangulia, na mteja wake wa upande mmoja akifuata. Ahumuza peke yake alibaki, na kwa hilo namsifu, ingawa suruali yake ilikuwa imenasa kwenye kizuizi cha lango.

5. Uamuzi uliotolewa.

Aliponasuka, na mama alipokuwa ameketi kwenye machela anadai flaski yake, Ahumuza alilisoma bango lenu kutoka juu mpaka chini. Akasema hifadhi inajua aina mbili za vitu vinavyoingia: watu wanaotembea, na magari ya kazi. Machela si gari, maana haina namba. Na aliyelala juu yake si mtembezi, maana amelala. Kwa hiyo mama hayumo kwenye utaratibu. Alisema kwa huruma, hata akamshika mama mkono. Lakini alisema.

Tukageuza. Mama aliona mwanzo wa njia, mti mmoja mkubwa, na kima aliyekuwa akiingia bila kuulizwa kitu.

Na kwa kuwa machela ikishuka ni mgonjwa, Ibanda walitupokea kwa nderemo. Tulipanda na maiti, tukashuka na mgonjwa, na tulipofika nyumbani mama akateremka, akaanza kufokea kuku, akawa mzima kabisa. Yale maharage ya matanga yaliletwa, tukayala kwa furaha, na aliyeyapika akala zaidi. Kufikia kesho yake ilikuwa imeshasemwa kwamba lango lako linafufua. Kuna familia kule Karusandara inaulizia njia, wana mzee aliyepooza. Wengine wanatoka Bwera na wameshakodi gari. Ujiandae, na hapo sijui utawaonyesha bango gani.

Lakini niseme na hili, halafu nirudi kwenye kucheka. Jioni ile mama alikaa mlangoni ameelekeza uso mlimani, akafumba jicho la kulia, akalifumbua, akafumba la kushoto, akalifumbua, tena na tena, kama mtu anayejaribu viatu viwili vya jozi tofauti. Nikampelekea bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, chakula anachokipenda kuliko vyote. Kikapoa. Ndipo nilipotafuta kalamu.

Nimemsomea barua mpaka hapa. Amesema ina urefu kuliko njia yenyewe. Nimemwambia atulie, mambo ya ofisi yana mwendo wake na mimi ndiye niliyesoma.

6. Maombi yangu.

Ombi la kwanza ni dogo. Naomba machela itambuliwe kuwa chombo cha usafiri. Kama shida ni namba, Kathembo yuko tayari kuipaka rangi na kuandika namba yoyote utakayopenda. Taa ya nyuma tutampa Nguru aishike, yeye halali.

Kama hilo ni gumu, basi mlete jiwe. Mna askari wenye nguvu wasio na wanyama wa kufukuza, maana wanyama wako kwangu. Waviringishe jiwe la Eridadi mpaka langoni, mama akae, atosheke, walirudishe. Hatutalikwangua.

Kama sheria inakataza jiwe kutoka hifadhini, nami naamini inakataza, maana sheria zenu zinapenda mawe kuliko watu, basi jiwe libaki na lango lisogezwe. Lango ni nguzo mbili na mti wa kukatiza. Lingesogezwa juu kidogo tu, kupita jiwe, jiwe likawa nje, kwetu, tukaenda tutakavyo, hata kwa kubebwa na ng'ombe. Na kima wangefurahi, maana wangefupishiwa safari ya mahindi.

Na kama lango nalo haliwezi kusogea, basi Afande, kwa heshima zote, usogezwe mlima. Najua unacheka. Lakini mzee Eridadi alikuwa akisema theluji ya leo si ile aliyoikuta akiwa kijana, imepanda juu na kupungua, kila mwaka kidogo. Kwa hiyo mlima unajua kusogea. Tatizo ni kwamba unasogea kwenda mbali nasi. Naomba uuambie ugeuke. Kama unaweza kumkimbia Yayeri kila mwaka bila kuchoka, haushindwi kurudi hatua chache kumpokea kabla jicho la kushoto halijafungwa.

Sitaki jibu la simu. Simu iko mdomoni kwa Ndobya. Nataka jibu la karatasi, lenye muhuri, nimsomee mama mkwe akiwa amekaa. Na jibu likiwa "afurahie hewa", nitakuja mwenyewe langoni na mapacha wote wawili, nikuachie uwatazame kwa zamu moja tu ya usiku. Asubuhi utakuwa umeelewa kwa nini kuna binadamu ambao hawataki kupanda kitu chochote.

Nakushukuru kwa kunisoma na uchovu wangu wote. Nisalimie karani wako, mwambie bango lake lina mwandiko mzuri. Msalimie Ahumuza, suruali yake ikija tutaishona bure. Wasalimie wake na watoto wenu walioko mbali, na wale wa jikoni wanaowapikia, maana hao najua hakuna anayewasalimia. Tsongo anakusalimu kutoka kiwandani, kabla hajajua nimekuandikia. Kathembo na chama chote wanakusalimu. Mapacha wanakusalimu kwa sauti, pengine mmesikia. Na kima mkikutana nao wakirudi, wasalimieni pia, waambieni safu ya mwisho ya mahindi ni ya mbegu.

Ni mimi, nisiyepanda kwa hiari,

Kabugho Teopista,
Mama Nguru na Ndobya,
kwa niaba ya Mama Yayeri asiyetembea.

N.B. Afande, barua ilikuwa imekwisha na imekunjwa tangu jana, nimelazimika kuikunjua.

Leo asubuhi nilisinzia nimeegemea mlango wa jikoni. Kuamka, mama hayupo, na gambuti za marehemu hazipo. Nikadhani ameenda kwa Kembabazi kudai sufuria. Ni kweli alienda huko. Akaipata, na kifuniko chake, akamwambia Kembabazi aijaze ndizi na ambebee, maana toba bila kubeba kitu si toba. Wakaondoka wote wawili kwa miguu. Wamerudi jioni hii, jua bado liko.

Langoni Ahumuza hakumtambua, kwa sababu alikuwa amesimama. Akamuuliza afya, mama akasema ni njema. Akamwangalia viatu, akamfungulia. Nimemuuliza mama, na magoti je? Akasema alitembea kidogo na kukaa sana, na ndivyo alivyoishi miaka yote, hakuna jipya. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nihangaike na machela, na Kathembo, na karatasi zote hizi. Akasema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpangia safari, na aliona vizuri nilivyokuwa napanga, hakutaka kunikatiza.

Theluji hakuiona. Labda ni mawingu, labda ni jicho. Mto aliusikia upande ule ule aliosema mzee. Jiwe alilikuta. Nikamuuliza, ni kama kanisa kweli? Akavua gambuti moja, akaitikisa mchanga, akaniita mukamwana, yaani mke wa mwanawe, akasema:

"Mukamwana, kajiwe kadogo. Bantu babili, wakibanana. Ule muzee alinidanganya, ati ye atasimama. Alitaka tubanane."

Akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Kisha akaniambia kwamba keshokutwa anarudi, na kwamba lazima nami niende, nikakae ile nafasi nyingine, maana upande mmoja wa jiwe ulikuwa na baridi.

Kwa hiyo, Afande, futa namba moja mpaka tano. Lango liache, jiwe liache, mlima usiusumbue. Naomba ubaki na lile ombi la machela peke yake, ila badilisha jina la abiria. Ni mimi. Nimeshaongea na Kathembo, amekuna kichwa, amekubali.

Keshokutwa basi, ukiona machela inapanda, mwanamke mzee ametangulia mbele kwa gambuti anawaambia wanaume wasiongee, na kitenge kinakoroma, mwambie Ahumuza asivue kofia. Nimelala tu.